Umetune Subaru yako? Soma hii kabla uipeleke traki

Kila mtaa Nairobi uko na ule msee wa Subaru. Unamskia kabla umwone, na ukimuuliza kuhusu ndai yake atakutajia namba ya daino kabla akwambie jina lake. Hiyo namba si uongo. Ishu ni kwamba ilipatikana kwa sekunde chache, boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikipuliza mbele. Traki ni kitu ingine. Ukienda Whistling Morans pale Athi River ama uwanja wowote wa mbio, unakanyaga, unabreki, unakanyaga tena, dakika 15 hadi 20, na jua la saa saba liko kwa kichwa. Injini iliyotesa kwa daino inaweza kufia hapo raundi ya nne.

Wacha tuanze na venye inakufa. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili ibane hewa na kuisukuma ndani. Hewa ikibanwa inashika joto. Ikiingia moto sana, petroli inajilipukia yenyewe badala ya kungoja moto wa plagi uisambae pole pole. Hapa majina yanachanganya watu. Msee wa mtaa akisema "injini imenoki" anamaanisha beringi zimeisha na chuma inagonga chuma. Hiyo ni kifo chenyewe. Noki ya matuna ni huu mlipuko wa vibaya, na kwa kelele za traki huenda usiuskie kabisa. Pistoni za kiwandani kwa nyingi ya hizi injini za EJ ni za kumwagwa, si za kufuliwa, so milipuko kadhaa mikali inatosha kuvunja ile sehemu nyembamba kati ya ringi. Baada ya hapo gari inakula oili, inatoa moshi, na wewe uko Grogan ukitafuta injini ingine ya ex-Japan.

Sasa, kutune kwa upole ni kuacha nafasi kati ya pale injini iko na pale inavunjika. Unaiacha wapi?

Ya kwanza ni mafuta. Nyingi ya hizi ndai zilitoka Japani zikiwa zimepangiwa petroli ya premium ya huko, ambayo kwa viwango vya huko inafaa ifike okteni 96 kwenda juu. Petroli yetu ya kawaida haifiki hapo. So ukipata mapu kwa intaneti imeandikwa "stage 2" na mjapani ama mwamerika flani, hiyo ilitengenezewa mafuta hauna. Mruhusu fundi aandike mapu kwa mafuta ya ile pampu utatumia siku ya mbio, na akishapata nguvu ya juu kabisa, mwambie arudishe moto wa plagi nyuma digrii 2 au 3. Utapoteza farasi wachache ambao hata hautaskia wakienda.

Mchanganyiko nao uwe tajiri. Ukiendesha pole pole barabarani, injini inachoma hewa gramu 14.7 kwa kila gramu 1 ya petroli. Busti ikiwa imejaa, tuna mpole anaileta karibu 11 hadi 11.5. Petroli ya ziada inapoza ndani ya silinda. Ndio, inakula mafuta kama wazimu, lakini injini inakula zaidi.

Busti yenyewe ndio wengi huharibikia. Turbo ndogo ya kiwandani ukiilazimisha hadi raundi za juu kabisa haikupi hewa tena, inakupa joto. Acha busti ishuke kidogo ukikaribia redilaini. Na ile kinga ya kompyuta inayokata mafuta busti ikipita kiasi, usikubali mtu aizime ati inakusumbua. Imewekwa ikusumbue.

Halafu kuna hii story ya milima, ambayo sijui kwa nini watu hawaiongelei. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya bahari, na hewa ya huku ina presha ya kama 0.82 bar. Mombasa ni 1.01. Ukiset busti 1 bar huku, injini inapata jumla ya 1.82. Shuka nayo Mombasa na ule mkono wa busti wa kufunga kwa skrubu, injini inapata 2.01, yaani hewa zaidi kwa asilimia 10, kwa joto la Pwani, na mapu ambayo haikuwahi kujaribiwa hapo. Kompyuta ya kiwandani hupima hewa ya nje na inajua kujirekebisha. Ule mkono wa skrubu haujui uko wapi. Kama unatoka bara kwenda kukimbiza Pwani, punguza busti kwanza, na mapu ijaribiwe huko huko.

Ile pa-pa-pa ya antilagi nayo? Safari Rally Naivasha inaskika tamu sana, nakubali. Lakini inalipukia nje ya injini ili turbo isilale, na zile timu ziko na turbo zingine kwa lori. Wewe uko na moja.

Hata mapu nzuri kiasi gani haitakuokoa kama vitu vya kawaida viko chini. Intakula ya Subaru, ile radieta ya kupoza hewa ya turbo, inakaa juu ya injini moja kwa moja, so ukisimama kwa foleni ya kuingia traki inachemka kabla hata uanze. Oili ijae hadi alama ya juu, kwa sababu kwa kona ndefu inakimbilia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa, na hapo ndio beringi huenda. Pima kila ukitoka. Weka geji ya joto la oili, na ikipita digrii 120 toa mguu. Petroli isishuke nusu tangi, maana ikiyumba kwa kona busti ikiwa imejaa, mchanganyiko unakauka ghafla na mapu yako yote inakuwa hadithi tu.

Breki ndio ya kukuua wewe, si gari. Maji ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayafai kuchemka chini ya digrii 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinashuka hadi 155, na ukibreki kwa nguvu mara kadhaa unafika hapo vizuri tu. Yakichemka pedali inaenda hadi chini na hakuna kitu. Badilisha kabla ya siku ya mbio, hata kama yanaonekana masafi. Na kama hauna pesa ya maji ya breki na pedi, hauna pesa ya busti. Thika Road usiku pia si traki, hata kama haina watu.

Ukiwa ndani, fanya raundi tatu nne kali, halafu moja ya pole, geji ziteremke. Rekodi kila kitu kwa laptopu: noki, joto la hewa inayoingia, mchanganyiko. Linganisha raundi ya kwanza na ya mwisho. Kama kompyuta inazidi kurudisha moto nyuma kila raundi, mapu bado ni kali, rudi kwa fundi na hiyo rekodi mkononi.

Ya mwisho iwe raundi nzima ya kupoza, bila busti, breki kidogo tu. Ukifika kwa kupaki acha injini ingurume dakika moja mbili kabla uzime, oili isiungue ndani ya turbo. Na usivute hendibreki diski zikiwa moto. Weka gia, tafuta jiwe.