Kadi ya Gari Yenye Jina la Marehemu

Katika Tanzania Bara, kadi ya gari, yaani hati ya usajili inayobeba jina la mmiliki, namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini, ni hati ya kodi kabla ya kuwa kitu kingine. Sheria ya mwaka 1972 iliyoweka kodi ya kusajili magari na ya kuhamisha umiliki wake, pamoja na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, zilitaka serikali imjue mtu wa kudaiwa na wa kushtakiwa. Kwa hiyo kadi ilimlenga aliye hai, na haikusema gari linakuwa la nani siku mwenyewe anapozikwa. Leseni ya udereva haina utata huo, kwa sababu ni idhini ya mtu binafsi isiyorithika.

Swali la urithi lilikuwa likijibiwa kwingine, tena kwa majibu yasiyolingana. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliwapanga warithi kwa madaraja, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza akiwa daraja la kwanza, wana wengine la pili na mabinti la tatu, huku mjane akiachwa chini ya uangalizi wa watoto wake: mpango wa watu ambao utajiri wao ulikuwa mashamba na mifugo, vitu vinavyogawanyika. Kwa Waislamu, mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, neno ambalo wenyeji wa pwani walilizoea zaidi kama jina la sarafu ya senti 50. Gari likikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi milioni 16, mjane ana milioni 2, na zinazobaki, ikiwa marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, humpa kijana milioni 7 na kila binti milioni 3.5. Hesabu ni nyepesi. Gari ndilo lisilokatika, hivyo ama huuzwa, ama mrithi mmoja huwalipa wenzake mafungu yao.

Kiungo kati ya kadi na mafungu hayo ni msimamizi wa mirathi, mtu anayeteuliwa na mahakama kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki. Kwa mirathi ya kimila na ya Kiislamu, kazi hiyo iliangukia Mahakama za Mwanzo, ambazo kanuni zake za mwaka 1971 zilimtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V ndani ya miezi minne ya kuteuliwa, na baadaye hesabu kwa Fomu Na. VI. Muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao waombaji hufika nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo, ni zao la desturi kuliko la kanuni, ingawa wengi huuona kuwa ndiyo mirathi yenyewe.

Mambo haya yaligusa familia chache hadi daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983 na, mwaka uliofuata, serikali ikawaachia wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Gari likawa mtaji wa nyumba, nalo, tofauti na shamba, haliwezi kungojea arobaini ipite: dereva huendelea kupeleka hesabu, yaani kiasi kilichokubaliwa anachompa tajiri kila jioni, na tajiri akiwa kaburini fedha hizo hupokelewa na aliyeko nyumbani, awe mjane, kaka wa marehemu au mtoto mkubwa. Tangu Mamlaka ya Mapato Tanzania ianze kazi tarehe 1 Julai 1996, jina hubadilishwa kwenye ofisi zake, nako anayetambuliwa ni mwenye barua ya uteuzi, si mpokeaji wa fedha za jioni. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwa kuwa fedha hizo nazo ni mali ya mirathi, na msimamizi akiteuliwa baada ya miezi kadhaa hutakiwa kuziingiza katika ile hesabu nyingine, ya Fomu Na. VI, akimuuliza aliyezipokea ni jioni ngapi dereva alipiga hodi.