Wanasayansi nao huomba kura: kamati za vyama vya utafiti na funzo la Gede

Uchaguzi unapotajwa nchini Kenya, fikra za wengi hukimbilia Ikulu, Bunge na kaunti. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba wataalamu wa ndege, wa misitu na wa mambo ya kale nao huwania viti, hutafuta wenzao wa kuwapendekeza na husubiri kura zihesabiwe. Viti vyenyewe aghalabu havina mshahara wala gari la serikali. Hata hivyo, wanaovikalia huweza kuchangia kuamua iwapo msitu utabaki umesimama au utafyekwa.

Gede, mji mdogo ulio yapata kilomita 15 kusini mwa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, ni mahali panapofaa kulielewa jambo hili. Hapo yapo magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Karibu yake umetanda Msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, ambao ndio mkubwa kupita misitu mingine ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Watafiti wa nyanja mbalimbali wamefanya kazi hapo kwa miongo mingi.

Taasisi na chama

Wengi wa watafiti hao ni waajiriwa wa umma. KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, ina kituo chake Gede. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya husimamia magofu, ilhali KFS na KWS, mashirika ya misitu na ya wanyamapori, hushiriki katika kuulinda msitu. Wakuu wa taasisi hizo huteuliwa, hawachaguliwi na watafiti walio chini yao.

Chama cha kitaaluma ni kitu tofauti. Ni mkusanyiko wa watu wanaojiunga kwa hiari, wanaolipa ada na wanaojichagulia viongozi. Mfano ulio karibu zaidi na Gede ni East Africa Natural History Society, chama cha elimu ya viumbe kinachojulikana leo kwa jina la Nature Kenya. Kiliasisiwa Nairobi mwaka 1909 na maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi waliopenda kukusanya na kuchunguza mimea, ndege na wadudu. Kutokana na juhudi za chama hicho lilizaliwa jumba la makumbusho la Nairobi, ambalo mwaka 1930 lilihamia kwenye kilima liliko hadi leo. Chama pia kilianzisha jarida lake la kisayansi.

Tofauti hiyo kati ya taasisi na chama ndiyo kiini cha makala haya. Mtafiti wa taasisi ya umma anayekubaliana na wakubwa wake hana tatizo. Asipokubaliana nao, nafasi yake ya kusema hadharani hupungua. Ndani ya chama, mtafiti huyo huyo ni mwanachama mwenye kura moja sawa na mkurugenzi wake, na kamati iliyochaguliwa inaweza kutamka kwa jina la wote jambo ambalo mtu mmoja hangethubutu kulitamka.

Taratibu za uchaguzi

Kila chama kina katiba yake, lakini taratibu za vyama vya aina hii hufanana. Nchini Kenya, Sheria ya Vyama huvitaka vyama vilivyosajiliwa chini yake kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, kuwasomea wanachama hesabu za fedha na kumjulisha msajili kila viongozi wanapobadilika.

Kabla ya mkutano, katibu hutoa ilani ya nafasi zilizo wazi. Kwa kawaida hizo ni za mwenyekiti, naibu wake, katibu, mweka hazina na wajumbe wa kamati. Mgombea huhitaji mwanachama wa kumpendekeza na mwingine wa kumuunga mkono, na wote watatu sharti wawe wamelipa ada zao. Baadhi ya vyama humtaka mgombea aandike maelezo mafupi juu ya elimu yake, utafiti alioufanya na anachokusudia kukitenda akichaguliwa. Kura huweza kupigwa kwa siri au kwa kuinua mikono, mradi akidi imetimia.

Mara nyingi kiti huwa na mgombea mmoja tu, naye hupita bila kupingwa. Huenda hiyo ikawa dalili ya maelewano, lakini huenda pia ikawa dalili ya uchovu, kwani kazi ya kamati hula jioni na wikendi za mtu bila malipo. Chama ambacho majina yale yale hurudi mwaka baada ya mwaka hujikuta hakina wa kuachiwa usukani.

Uzito wa kiti

Uzito wa kiti cha kamati ulidhihirika mwishoni mwa miaka ya 2000, ulipoibuka mpango wa kupanda mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea mitambo, katika msitu wa Dakatcha ulioko kaskazini magharibi ya Malindi. Hekta 50,000 zilitajwa. Walioupenda mpango huo walitaja ajira. Nature Kenya, pamoja na washirika wake wa ndani na nje ya nchi, iliupinga kwa hoja za kitaalamu kuhusu viumbe wa msitu huo na maisha ya wakazi wake. Shamba hilo kubwa halikupandwa.

Mojawapo ya hoja hizo ilikuwa ndege mmoja mdogo. Mnana wa Kilifi, aitwaye na wanasayansi Ploceus golandi, hapatikani kwingine kokote duniani isipokuwa katika misitu ya kaunti hii. Alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1913, lakini kwa muda wa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyefahamu mahali anapojenga kiota. Jibu lilipatikana mwaka 2013, pale watafiti wa Nature Kenya na wenyeji wa kikundi cha hifadhi cha Dakatcha walipoviona viota vyake kwenye kinamasi cha msimu ndani ya msitu huo. Laiti msitu ungefyekwa miaka michache kabla, huenda jibu hilo lisingepatikana kamwe.

Historia ya magofu ya Gede inatoa funzo linalokaribiana na hilo. James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuyachimbua mwaka 1948, alifanya kazi kubwa ambayo watafiti wanaitegemea hadi leo. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita mji huo, katika jina lake lenyewe, mji wa Waarabu. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya watafiti, wakiwemo Waafrika kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, kuimarisha hoja kwamba miji ya pwani ilichipuka kutoka kwa jamii za Kiafrika za hapa hapa, zilizofanya biashara na kuoana na wageni wa ng'ambo. Udongo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni maswali na watu waliopata nafasi ya kuyauliza. Katika chama cha utafiti, kamati ndiyo aghalabu huamua kitakachochapishwa, mkutano utakaofanyika na mwanafunzi atakayepewa ruzuku.

Uongozi ukiyumba, hasara huwafikia hata wasiopiga kura. Chuo cha Sayansi cha Afrika, kilichoundwa mwaka 1985 chini ya Profesa Thomas Odhiambo na chenye makao yake Nairobi, ni jumuiya ya wanasayansi wanaochaguliwa na wenzao. Kwa miaka kadhaa fedha nyingi za kuwafunza watafiti chipukizi barani zilipitia humo, zikiwemo za mpango ulioendeshwa na kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi. Mwaka 2021, kukiwa na mvutano kuhusu utawala wa jumuiya hiyo, wafadhili wakubwa waliondoa fedha zao, na miradi hiyo ikahamishiwa shirika jingine.

Umbali wa sanduku la kura

Swali linalobaki ni la nani hupiga kura. Vyama vingi vya kitaaluma nchini vina makao Nairobi, na mikutano yao mikuu hufanyika huko. Kutoka Gede hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Mtafiti msaidizi, mwongoza watalii anayewajua ndege wote wa Arabuko-Sokoke kwa milio yao, au mkulima wa Mradi wa Kipepeo anayefuga bundo kwa ajili ya soko la nje, hana nauli ya kwenda kuinua mkono kwa dakika moja. Mradi huo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993 na mwanaikolojia Ian Gordon, umeonyesha wazi kwamba jirani wa msitu akipewa nafasi huwa mtaalamu wa viumbe vyake.

Dawa yake inafahamika: matawi ya mashinani, ada nafuu kwa wanafunzi na wenyeji, kura kwa barua au kwa mtandao, viti vilivyotengewa maeneo, na ukomo wa vipindi vya uongozi. Hakuna hata moja kati ya hizo isiyo na gharama. Matawi huhitaji fedha, kura ya mtandao huhitaji rejista safi ya wanachama, na viti vya maeneo huweza kugeuka vya kujaza nafasi tu. Pia mgombea aliyeajiriwa na serikali, au anayelipwa na kampuni yenye haja na ardhi, hana budi kulitangaza hilo kabla ya kura na kujitenga na mjadala unaomhusu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanasayansi wanaokaa mbali na msitu wanaweza kuupima na kuuandikia, lakini kiota cha mnana kilipatikana walipotembea pamoja na wenyeji. Chama kinachotaka kusema kwa niaba ya Arabuko-Sokoke, Dakatcha au magofu ya Gede kinahitaji kuwa na watu wa huko katika rejista yake, katika karatasi za kura na, inapowezekana, mezani kwenye kamati.