Historia ya Pwani Iko kwa Sufuria

Wasee, acha niulize. Ukisikia "chakula cha Pwani" unafikiria nini? Pilau, biriani, mahamri, samaki wa kupaka. Na ukiulizwa vilitoka wapi, jibu tulilokariri shuleni ni lile lile: Waarabu walileta, Wahindi walileta, Wareno walileta. Ni kama Mswahili alikuwa amekaa tu ufuoni, mikono mitupu, akingoja jahazi limletee chakula cha mchana.

Mimi hiyo hadithi siiamini tena. Niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite profesa, lakini kusoma nasoma, na kula nakula. Na mahali paliponifanya niandike haya ni Siyu.

Siyu ni kijiji kwenye kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Kutoka Nairobi unapanda basi hadi Mokowe, unavuka kwa boti hadi Lamu mjini, kisha unatafuta boti nyingine. Mkondo wa kuingia Siyu unapita katikati ya mikoko, na maji yakipwa, hakuna kupita. Usiende ukitafuta mkahawa wa kando ya bahari wenye pizza. Unakula wanapokula wenyeji: kwa mama anayeuza mikate mlangoni pake asubuhi, ama nyumbani kwa aliyekukaribisha.

Nilikula mkate wa mofa na mtuzi wa samaki. Ndio, mtuzi. Huko mchuzi ni mtuzi na mchele ni mtele, na ukicheka utacheka peke yako. Mofa ni tanuri dogo la udongo. Unga wa mtama unakandwa, mkate unabandikwa ndani kwenye ukuta wenye moto, unaiva hapo. Nilimwuliza mwenye jiko alijifunza wapi. "Kwa mamangu, mwanangu, na yeye kwa mamake. Kula, kitapoa."

Sasa iangalie hiyo sahani vile ungesoma kitabu.

Mtama ni nafaka ya Afrika. Samaki ni wa bahari hiyo hiyo; Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula kikuu cha watu pale kilikuwa ndizi na samaki. Ndizi, nazi na mchele asili yake ni Asia, vilivuka bahari zamani sana. Kule Pemba, wanaakiolojia walichambua mbegu zilizoungua na wakaona kwamba karne ya 8 hadi ya 10 watu walitegemea uwele, halafu baadaye mchele ukaanza kutawala. Nyanya, pilipili, muhogo na mahindi asili yake ni Amerika, na vilifika huku baada ya Wareno kuanza kupita mwaka 1498.

Kwa hivyo kibakuli kimoja cha mtuzi kina mabara matatu. Poa. Lakini nani aliyaunganisha? Si baharia. Baharia aliuza mali yake, akangoja upepo wa kusi umrudishe kwao. Aliyeonja, akakataa hiki, akachukua kile, akakitia tui la nazi mpaka kikawa kitu ambacho hakikuwepo kokote duniani, ni mpishi.

Kama hunielewi, fikiria chapati. Ilikuja na Wahindi, na leo hakuna Krismasi ya Kenya bila chapati. Ukikula chapo dondo kibandani Githurai, kuna mtu hukwambia unakula chakula cha kigeni? Hakuna. Mbona basi mtu wa Pate akipika pilau tunamwambia aliletewa?

Ushahidi uko chini ya ardhi pia. Mwendo wa miguu kutoka Siyu kuna magofu ya Shanga, mji ulioanza karne ya 8. Uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba hata biashara ya ng'ambo ikiwepo, vyungu vingi vilikuwa vya udongo wa hapa hapa. Halafu mwaka 2023 ukatoka utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao kwenye miji ya Waswahili, ikiwemo Manda na Faza, na Faza iko kisiwa hicho hicho cha Pate. Matokeo? Damu ya Asia ilikuja zaidi kupitia wanaume, wengi wa asili ya Uajemi. Damu ya Afrika ilikuja zaidi kupitia wanawake. Yaani baba alishuka jahazini, lakini mama alikuwa kwao, na jiko lilikuwa lake.

Hapo ndipo naona tumeibiwa kitu. Ukienda Siyu utaonyeshwa ngome, na ngome ni noma kweli. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalikuja hapa yakapigwa na watu wa Bwana Mataka. Mji haukushindwa kabisa mpaka 1863, enzi ya Sultani Majid. Hayo yameandikwa. Mke wa Mataka, Mwana Kupona, tunamjua kwa sababu mwaka 1858 alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Aliandika, akabaki. Lakini maelfu ya wanawake walioandika kwa mwiko na mofa hawana hata kibao.

Na maktaba yao inaweza kufungwa. Mtuzi hauna maana bila samaki. Bandari ya Lamu ilipojengwa, wavuvi walienda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu wengi waliona ni habari ya pesa. Mimi naona pia habari ya jiko: mvuvi akikosa mahali pa kutega, na kijana wa kisiwani akihamia Mombasa kula chipsi, nani atamfundisha nani kubandika mkate kwenye mofa?

Kwa hivyo ukipanga safari ya Lamu, piga picha zako za punda na machweo, sikukatazi. Lakini tenga siku moja uende Pate. Vaa kwa heshima, amkia watu, kula mlangoni, lipa vizuri bila kuombea bei ishuke. Halafu usiulize chakula kililetwa na nani. Uliza nani alikufundisha kukipika. Utatajiwa jina la mwanamke, na hilo jina halipo kwenye kitabu chochote ulichosoma shuleni.