Waliookoka

Kwetu pwani aliyeokoka ni yule aliyetoka baharini mzima dau likizama. Nilipohamia bara nikamsikia fundi cherehani akikataa bia, "Mimi nimeokoka," nikajiuliza aliponea ajali gani.

Maana hiyo ya pili, ya kutubu dhambi na kumpokea Yesu, ilisambazwa sana na Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Wakristo wa Kiprotestanti. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari mmisionari wa Gahini, Rwanda. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, ambako wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, kisha Kenya na Tanganyika. Watu walisimama hadharani wakataja dhambi moja moja: pombe, hawara, wizi. Wengine wakarudisha walichoiba. Wachungaji kadhaa walichukia kuulizwa na waumini wa kawaida kama nao wameokoka, na siwalaumu. Mtu ana kanzu na cheti cha ubatizo, anaulizwa na mpishi wake!

Huko Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Waingereza, Wakikuyu wengi waliookoka walikataa kula kiapo cha wapiganaji. Baadhi waliuawa, yaani kwa Kiswahili cha kwetu hawakuokoka. Wengi walikataa pia bunduki za serikali ya kikoloni.