Kabla ya maharamia wa Oregon, watani wa Ugogo

Kila ifikapo Septemba 19, watu wa Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa hushinda siku nzima wakizungumza kama maharamia. Sauti inakuwa nzito, jicho moja linafumbwa, mfanyakazi mwenzako anakutishia kukutosa baharini usipompa fungu lake la hazina, kisha mnacheka na kurudi kazini. Mchezo huu walianza marafiki wawili wa jimbo la Oregon, John Baur na Mark Summers, mwaka 1995, ukavuma mwaka 2002 baada ya Dave Barry kuuandikia katika safu yake ya gazeti. Lafudhi inayoigwa wala si ya haramia wa kweli. Ni ya mwigizaji Mwingereza Robert Newton, aliyekuwa Long John Silver katika filamu ya mwaka 1950. Mwaka 2025 mchezo huo ulitimiza miaka 30.

Habari hiyo imenitia wivu. Wenzetu wameadhimisha miaka 30 ya mchezo wa kuigiza mporaji, na sisi tunao wa namna hiyo hiyo wenye zaidi ya karne moja na nusu, uliokomazwa katika nchi hii ya Mpwapwa na Ugogo, tena wenye uzito kuliko wao. Tunauita utani, na tunaupita kama vile hauna historia.

Gulwe ya leo inajulikana kwa kituo chake cha reli, wilayani Mpwapwa, katika bonde la mto Kinyasungwe. Kabla ya reli, upande huu ulikuwa mlango wa Ugogo kwa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Msafara ukishamaliza kupanda na kushuka milima ya Usagara ulijipumzisha, ukajaza vibuyu maji, kisha ukalivuka pori kavu la Marenga Mkali. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wake begani: pembe za ndovu wakielekea pwani, nguo na shanga wakirudi bara.

Mwingereza Richard Burton alipita njia hiyo mwaka 1857 akiwa na John Speke. Burton aliwadharau sana Waafrika, na kitabu chake cha mwaka 1860 kina kurasa nyingi za kuudhi. Lakini alikuwa na jicho la kuona. Anamweleza kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, kuwa alijifunga joho jekundu na kujipamba kwa manyoya na ngozi za wanyama ili aonekane kutoka mbali na kutisha kidogo.

Kisha anaeleza kilichotokea misafara miwili ya watu wanaopatana ilipokutana njiani. Njia yenyewe ilikuwa ya mguu, nyembamba, na mmoja lazima ampishe mwenzake. Virangozi wawili walisogeleana kwa maringo, wakikanyaga hatua moja na kusimama, wakitazamana kwa pembe ya jicho kama watu waliokuja kuuana. Walipofikiana waliinama ghafla, wote kwa pamoja, wakagongana vichwa kama kondoo dume. Nyuma yao wapagazi nao wakavamiana kwa vishindo na makelele. Mgeni angedhani vita imeanza. Kama hapakuwa na kinyongo cha zamani, yote yaliishia kwenye kicheko, na kundi dogo likajitoa njiani na kutoa kijizawadi kidogo kwa lile kubwa, ndipo kila msafara ukaendelea na safari.

Nimeyasoma maelezo hayo tena na tena, na kila mara naona jinsi kila kitu kilivyokuwa pale: mavazi ya kutisha, mwendo wa kuigiza, tishio la kupora, malipo ya uongo na kweli, na kicheko. Tofauti ya wapagazi hao na mtu wa ofisini kule Oregon ni kwamba hawa walibeba silaha za kweli, na walikuwa wamechoka, wana njaa na kiu. Walijua kabisa kwamba jambo lile lingeweza kugeuka damu, wakachagua kulicheza.

Na uporaji wa kweli, au kile wageni walichokiita uporaji, haukuwa mbali. Mbele yao ilikuwepo hongo ya Ugogo. Kila mtemi aliyemiliki eneo lenye maji na chakula alidai nguo na shanga kabla msafara haujaruhusiwa kupita, na mazungumzo ya bei yaliweza kula siku kadhaa. Nguo za merikani na kaniki zilipimwa kwa doti, zikakataliwa, zikaongezwa, zikakataliwa tena. Henry Stanley, aliyepita Mvumi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alilalamika kwa uchungu mwingi, na anasimulia mwenyewe jinsi alivyomcharaza kiboko mmoja wa wenyeji waliojazana kumtazama. Wasafiri wa Ulaya wakaondoka na sifa moja waliyowabandika Wagogo: wanyang'anyi. Siikubali. Mwenye kisima katika nchi ambayo mvua hukataa kunyesha ana haki ya kutoza anayekuja na mamia ya watu kukinywa hadi kikauke. Serikali nyingi za dunia hutoza ushuru mpakani.

Ila nadhani hongo ndiyo iliyoupa utani wa njia hii ladha yake. Mgogo na Mnyamwezi walijuana kama mtozaji na mtozwaji, mwenye maji na mwenye kiu. Mjukuu wa mmoja anapomwambia mjukuu wa mwingine, “Wewe mtumwa wangu, lete ng'ombe zangu ulizokimbia nazo,” anavaa sauti ya mtu ambaye kweli aliwahi kuogopwa katika nchi hii. Na si rahisi kumwigiza mtu unayemwogopa: kwenye bahari yetu, maharamia wa Kisomali waliposumbua meli miaka ya 2008 hadi 2011, sidhani kama kuna baharia wa Dar es Salaam au Mombasa aliyetamani kuigiza haramia. Wamarekani wanaweza kucheza kwa sababu haramia wao wamekufa zamani na wako mbali. Babu zetu walicheza na yule yule waliyekuwa na sababu ya kumwogopa.

Maandishi ya kisomi yalianza kupatikana wakati wa Waingereza. Reginald Moreau, ambaye kazi iliyompa jina ni ya kuchunguza ndege akiwa Amani, Usambara, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1941 na tena mwaka 1944. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1968 makala iliyoonyesha kwamba kwa Wagogo utani huanzia nyumbani: babu na mjukuu, watoto wa shangazi na wa mjomba, kisha ukoo kwa ukoo. Mwaka 2006 mwanahistoria Stephen Rockel akaurudisha utani wa makabila barabarani, kwa wapagazi, ambao ugenini walihitaji mtu wa kuwapa chakula, kuwauguza, na wakifa, kuwazika.

Hapo kwenye kuzika ndipo utani unapouzidi mchezo wa haramia. Aliyehudhuria msiba wenye watani anakumbuka. Watu wanalia, jeneza liko ndani, na mara anatokea mtani amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, fimbo ya marehemu mkononi. Anatembea kama marehemu. Anakohoa alivyokohoa marehemu. Anaanza kuwadai waombolezaji madeni, kwa sauti ile ile, na mjane anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Wakati wa kwenda makaburini mtani analala njiani, hatoki mpaka alipwe. Mwingine anaingia kaburini na kukataa kutoka. Lakini huyo huyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba, ndiye aliyeshika sufuria, na akimtukana mfiwa, mfiwa akikasirika, aibu ni ya mfiwa.

Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, misafara ikafa. Gulwe ikawa mahali pa kushukia kwa anayekwenda Mpwapwa. Wanyamwezi waliendelea kupita, sasa wakiwa manamba wa mashamba ya mkonge, na utani ukahamia dirishani mwa behewa. Baada ya Uhuru ulizagaa nchi nzima hata Simba na Yanga wakaitwa watani wa jadi. Agosti 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma ilizinduliwa rasmi; ni ya haraka na ya kujivunia, na madirisha yake hayafunguki.

Kinachoniuma ni kwamba tumeshika ulimi na kuachia jembe. Siku hizi utani ni wa mshereheshaji harusini na wa vikundi vya simu, mtu anamkashifu mwenzake kabila lake kisha anajitetea kwamba ni utani tu, ilhali hana undugu wowote naye wala hatakanyaga msibani kwake. Mtu huyo si mtani. Babu zake wangemtoza mbuzi.

Miaka ya 1970, Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisimamia ukusanyaji wa taarifa za utani wa makabila mengi ya Tanzania, zikajaza juzuu kadhaa. Zinastahili kuchapishwa upya kwa Kiswahili na kufika kwenye shule za Mpwapwa na Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kiko jirani. Wanafunzi wake wa historia wakishuka Gulwe au Godegode wakiwa na daftari, wawaulize wazee maswali mawili: mtani wako ni nani, na mara ya mwisho alikuja kumzika nani kwenu?