Kabla Ununue Skati, Jua Maji Yake

Wasee wa Embu, swali naulizwa sana ni hili: skati naipata wapi? Namaanisha yule samaki bapa kama sahani, mwenye madoadoa meusi. Leo sitoi namba ya duka. Natoa historia, kwa sababu ukiijua, hakuna mtu atakuuzia samaki wa kufa polepole.

Tuanze na jina. Mwaka 1766, Linnaeus wa Uswidi alimwita argus, kama lile jitu la hadithi za Wagiriki lenye macho mia. Macho yenyewe ni hayo madoa. Baadaye akaongezewa jina Scatophagus, yaani, samahani kama unakula, mla mavi. Ni samaki wa kuonekana bandarini, karibu na mitaro ya maji machafu. Hapo ndipo ule uvumi unapata nguvu: ati skati ni mgumu, anaishi maji yoyote.

Zii. Skati mdogo hukaa kwenye midomo ya mito na mikoko, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Akikua anataka chumvi zaidi. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji ya Rupingazi karibu hayana kitu. Muuzaji akimweka mtoto wa skati kwa maji ya mfereji, atavumilia. Miezi ikipita anaanza kudhoofika, na wewe unadhani ni bahati mbaya.

Shida hii ya kuchagua samaki bila kuuliza kwao ni wapi ni ya zamani. Mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kuonyesha samaki kwenye vioo, na watu wa mjini wakaingiwa na wazimu wa kutaka vioo nyumbani. Huku kwetu, mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti, akayaweka Mto Gura, Aberdare. Baadaye trauti wakafika mito ya Mlima Kenya. Walowezi walitaka mchezo wa kwao wa kuvua. Nani aliwauliza wenyeji? Miaka ya 1950 mbuta akaingizwa Ziwa Victoria, na aina nyingi sana za fulu zikapotea. Zingine zimebaki hai kwenye matangi ya ng'ambo. Hebu fikiria, samaki wa ziwa letu anaokolewa na kioo cha mtu wa mbali.

Sasa rudi kwa skati. Wengi wa madukani duniani hutoka Asia, tena huvuliwa porini. Lakini pwani ya Afrika Mashariki ina skati wake, Scatophagus tetracanthus, aliyeandikwa na Lacepède wa Ufaransa mwaka 1802. Yeye ana mistari iliyosimama. Na hapa ndipo Embu inaingia. Rupingazi inaingia Thiba, Thiba inaingia Tana, na Tana inafika bahari pale Kipini. Maji yanayopita chini ya mji wetu ndiyo yanaenda kuchanganyika na chumvi. Kwenye Tana kuna mabwawa matano, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988. Masinga, ya 1981, ilipunguza mafuriko yaliyokuwa yanalisha delta. Stima tunapata, lakini delta inalipa. Kwa hivyo takataka unayotupa Rupingazi nayo ina safari.

Kwa hivyo ukienda kununua, uliza mambo haya. Ametoka nchi gani? Anaishi kwa chumvi kiasi gani sahii? Mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Anayekataa kula, mwenye tumbo lililobonyea, mapezi yaliyokunjwa au macho yenye ukungu, mwache. Chagua kikundi, kwa sababu hawapendi upweke. Tangi liwe kubwa, maana huyo wa saizi ya sarafu anaweza kupita sentimita 30. Mimea atakula yote. Miiba yake ina sumu inayouma vibaya, usimshike kwa mkono. Chumvi iwe ile ya akwariamu za bahari, si ya ugali na sukuma, na uiongeze pole pole kwa wiki kadhaa.

Usijipeleke Pwani na wavu pia. Kuvua samaki wa mapambo kunahitaji leseni.

Na ukichoka naye, usimmwage mtoni. Tafuta mtu wa kumchukua. Grogan na wenzake walichagua samaki, mito na maziwa yetu yakabeba gharama. Sisi tuna habari ambazo wao hawakuzitafuta. Kama chumba chako kinatosha ndoo tu, buda, skati si samaki wako. Nunua mwingine wa maji matamu, na huyo pia umuulizie kwao.