Kijidudu cha Tumbo Kilivyoshitakiwa kwa Maradhi ya Moyo

Juma lililopita mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha kituo cha daladala, karatasi ya maabara mkononi. Alikuwa amepimwa tumbo na kukutwa na vijidudu, na mtu kamwambia kuwa hivyo ndivyo vinavyopandisha lehemu na kuharibu moyo. "Mwanangu," akaniuliza, "nikimaliza dozi hii, vidonge vya presha si niache?" Nilimwambia asithubutu. Hata hivyo, uvumi ule haukuanzia kijiweni. Ulianzia kwa mabingwa wa tiba wenyewe.

Zamani vidonda vya tumbo vilisingiziwa mawazo na pilipili. Waganga waliamini kuwa hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika tindikali ya tumbo. Mwaka 1979 Dakta Robin Warren, wa hospitali ya Royal Perth huko Australia, akaona kwenye darubini vijidudu vilivyojipinda katika vipande vya nyama vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa. Mwaka 1981 akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Wakajaribu kuviotesha maabara, vikagoma. Kumbe ni vijidudu vya polepole, na desturi ilikuwa kutupa sahani baada ya siku mbili tu. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1982 sahani zikaachwa siku zote za mapumziko, na watu waliporudi kazini wakakuta vimeota!

Wengi hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall akapimwa tumbo, likaonekana zima, kisha akakoroga vijidudu hivyo akavinywa. Hata mkewe hakumwambia kabla. Haukupita muda akawa anatapika na pumzi inanuka, na kipimo kikaonyesha tumbo limevimba ndani na vijidudu vimejaa tele. Kidonda chenyewe hakukipata, lakini njia ilikwisha funguka. Mwaka 1994 jopo la wataalamu wa Marekani likakubali kwamba wagonjwa wa vidonda wenye vijidudu hivi, Helicobacter pylori kwa jina la kitaalamu, watibiwe kwa antibayotiki. Mwaka 2005 Warren na Marshall wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hapo tamaa ikaingia. Ikiwa maradhi ya mawazo yamegeuka kuwa ya kijidudu, kwa nini ya moyo yasiwe hivyo hivyo? Mwaka huo huo wa 1994 watafiti wa London walichapisha hesabu zao: kati ya wagonjwa 111 wa moyo, asilimia 59 walikuwa na alama za vijidudu hivyo katika damu, ilhali kwa watu 74 waliolinganishwa nao ni asilimia 39 tu. Huko kaskazini mwa Finland, watafiti wakatangaza mwaka 1999 kuwa wanaume wenye alama hizo walikuwa na lehemu nyingi zaidi. Ikadhaniwa kuwa uvimbe wa muda mrefu tumboni huvuruga mafuta ya damu.

Lakini tujiulize, ni nani anayepata vijidudu hivi? Kwa kawaida huambukizwa utotoni, katika nyumba zenye msongamano na maji yasiyo salama. Kwetu Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanavyo. Na huko Uingereza, mtoto aliyekulia katika dhiki ndiye pia aliyekuwa rahisi kuvuta sigara ukubwani na kuugua moyo. Basi huenda shahidi tuliyemwona mahakamani ni umaskini, amevaa koti la kijidudu. Mwaka 1998 John Danesh na Richard Peto walikusanya tafiti 18 zenye watu wapatao 10,000, wakatazama lehemu, presha na mengineyo. Uhusiano wa nguvu hawakuuona.

Kijidudu kingine, cha mapafu, nacho kilishitakiwa kwa kosa hilo hilo. Kesi yake iliamuliwa kwa majaribio makubwa. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2005, wagonjwa wa moyo 4,012 waligawanywa, nusu wakameza azithromaisini kila juma kwa mwaka mzima. Mioyo yao haikunufaika hata kidogo kuliko ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Je, tumbo na moyo havijuani kabisa? Vinajuana, ila kwa njia nyingine. Wagonjwa wengi wa moyo hupewa aspirini kila siku, na aspirini huweza kulitoboa tumbo likavuja damu, hasa lenye vijidudu hivi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, kwa wazee zaidi ya 5,000 wanaotumia aspirini, ulionyesha kuwa kuviua vijidudu kulipunguza kuvuja huko kwa miaka miwili na nusu ya mwanzo. Baadaye tofauti ilififia.

Mzee wangu naye humeza aspirini kila asubuhi, niligundua nilipomuuliza. Nikamwambia dozi ya tumbo aimalize yote, na vya presha aendelee navyo kama alivyoandikiwa. Akaikunja karatasi yake, akapanda daladala akinung'unika kuwa sasa vidonge vimekuwa vingi kuliko chakula.